Askofu Edward Steere: Mpiga Chapa wa Unguja

Kijiji cha Silanga ni kimojawapo cha vijiji vya mtaa wa Kibera jijini Nairobi, nacho kimelala upande wa chini wa mtaa huo, karibu na Bwawa la Nairobi. Katika nyumba zake za udongo na mabati si ajabu kuikuta tarakilishi iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika na wengine, imewekwa mezani kando ya kitanda, nayo inamsaidia mwenyewe kujitafutia riziki kwa kuandika kadi za harusi, ratiba za mazishi na matangazo ya mikutano ya makanisa. Mtu wa kazi hiyo haridhiki na fonti zilizokuja na mashine. Huzitafuta nyingine mtandaoni, akazipakua, akafungua kifurushi zilimobanwa, akainakili faili ya fonti katika folda inayohusika au akaibonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuiamuru isakinishwe. Kisha huifunga programu ya kuandikia na kuifungua upya, na tazama, jina jipya limejipanga miongoni mwa majina ya zamani. Akiandika Karibuni Harusini, herufi zote hujitokeza bila hata moja kukosekana.

Jambo hili limezoeleka mno hivi kwamba hakuna anayelistaajabia. Fonti hiyo huenda ilichorwa na mtu wa Marekani au Brazili ambaye hajapata kulisikia neno moja la Kiswahili, na hata hivyo inakiandika Kiswahili chote, kuanzia a ya kwanza hadi z ya mwisho. Lugha nyingi za Afrika hazina bahati hiyo. Kiswahili nacho hakikuzaliwa nayo, kwa maana kwa karne kadhaa kiliandikwa kwa hati nyingine kabisa, na hata kilipoanza kuandikwa kwa herufi za Kirumi palikuwa na njia zaidi ya moja ya kufanya hivyo. Njia iliyoshinda ilipitia katika chumba kimoja cha kupigia chapa kisiwani Unguja, na katika mikono ya mwanasheria mmoja wa London aliyegeuka kuwa kasisi, kisha mpanga herufi, kisha askofu. Huyo ndiye Edward Steere.

Steere alizaliwa London mwezi wa Mei mwaka wa 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, na mwana naye akaelekezwa huko huko. Alisoma katika University College jijini humo, akapata shahada yake ya kwanza mwaka wa 1847 na shahada za sheria katika miaka iliyofuata, na mwaka wa 1850 alikubaliwa kuwa wakili. Hata hivyo mahakama haikumvuta. Aliingia katika huduma ya Kanisa la Kianglikana mwaka wa 1856, akahudumu kwanza Devon, kisha akahamia Lincolnshire mashariki ya Uingereza, ambako mwaka wa 1862 alipewa parokia ndogo ya Little Steeping. Miaka hiyo haina mengi ya kusimuliwa, isipokuwa kwamba katika jimbo hilo hilo la wakulima ndimo alimokuwa rafiki yake, William George Tozer, kasisi wa parokia ya jirani. Urafiki huo ndio uliomfikisha Afrika.

Mwaka wa 1857 David Livingstone alikuwa amehutubia Chuo Kikuu cha Cambridge na kuwahimiza wasomi wa huko waikumbuke Afrika. Kutokana na wito huo iliundwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa ufupisho wa UMCA. Safari ya kwanza ya misheni hiyo katika bonde la mto Shire iliishia msibani; askofu wake, Charles Mackenzie, alifariki kwa homa Januari 1862. Tozer ndiye aliyechaguliwa kushika mahali pake, na Steere akaiacha parokia yake ili amsindikize. Walijaribu kukaa katika mlima wa Morambala, upande wa Msumbiji, wakaona kwamba mahali pale hapafai. Ndipo Tozer akakata shauri kuhamia Unguja, uamuzi uliolaumiwa sana Uingereza kwa kuwa ulionekana kama kurudi nyuma. Walifika huko mwishoni mwa Agosti 1864.

Unguja waliyoikuta ilikuwa mji mkuu wa dola ya Sultani Majid bin Said, mji wa karafuu na pembe za ndovu, na wa soko la watumwa lililokuwa Mkunazini. Muda mfupi baada ya kufika kwao Sultani aliwakabidhi wavulana watano waliokamatwa kutoka katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni, na miongoni mwao walikuwemo John Swedi na George Farajallah, ambao mwaka wa 1870 walipewa daraja za mwanzo za huduma ya kanisa. Ni muhimu msomaji azingatie hali ya watoto hawa. Walitoka bara, kila mmoja na lugha yake, na Kiswahili walikuwa wanajifunza papo hapo kama mwalimu wao. Mwalimu naye hakuwa na kitabu cha kumfaa cha kuwasomeshea. Vitabu vya lugha hiyo vilivyokuwapo kwa herufi za Kirumi vilikuwa vichache mno, na vilifuata lahaja ya Mombasa kama alivyoikusanya Johann Ludwig Krapf aliyefika huko mwaka wa 1844 na kuchapisha muhtasari wa sarufi yake mwaka wa 1850.

Steere alianza kama alivyozoea wakili, yaani kwa kukusanya ushahidi. Alikusanya maneno, akauliza, akalinganisha majibu, akarudi kuuliza tena. Wenyeji wa Unguja hawakumnyima. Hamisi wa Kayi alikuwa miongoni mwa waliompa hadithi. Aliyevutia zaidi kati ya wasaidizi wake ni Sheikh Abdul Aziz, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa mji huo, ambaye alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu hadi Kiswahili kilicho bora na safi kabisa. Kazi hiyo haikuvuka Zaburi ya kumi na sita. Shughuli za Sheikh zilikuwa nyingi, na isitoshe, Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi mno kwa matumizi ya misheni. Steere hakuzitupa zile Zaburi chache. Alizipiga chapa kama kumbukumbu ya wema wa Sheikh, na kama mfano wa Kiswahili kilichohesabiwa na mtu mwenye elimu kuwa cha fasaha. Kisa hiki ni kidogo, lakini kinaonyesha mambo mawili kuhusu tabia yake. Alijua kuitambua heshima ya msomi wa dini nyingine, na wakati huo huo alikuwa amekwisha kuamua ni nani atakayeandikiwa vitabu vyake. Hakuwa msomi wa Mji Mkongwe. Alikuwa mtoto aliyetolewa jahazini.

Uamuzi huo ndio uliotawala suala la hati. Waswahili walikuwa wameandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu kabla ya meli yoyote ya wamisionari. Utendi wa Tambuka, kwa mfano, uliandikwa Pate mwaka wa 1728, na Mombasa ya Muyaka bin Haji iliandika mashairi yake kwa hati hiyo hiyo. Steere aliifahamu hati hiyo na aliisoma. Katika kitabu chake cha sarufi alieleza kwa nini hakuridhika nayo. Irabu za Kiswahili ni tano, ilhali alama za irabu katika Kiarabu ni tatu, kwa hiyo i na e hugawana alama moja, na u na o vivyo hivyo, hata penda na pinda yakawa hayatofautiani. Konsonanti nazo zilikuwa na tatizo lao. Kiarabu hakina p, hakina v, hakina ch, na mwandishi wa kale alitumia herufi iliyo karibu: b ikasimama mahali pa p na hata pa mb, f ikasimama mahali pa v. Mtu akikutana na alama zile anaweza kusoma bata, pata au mbata, na ni maana ya sentensi peke yake itakayomwongoza.

Hoja hii ni ya kweli, lakini haikuwa kweli kwa kila msomaji. Mshairi wa Lamu hakuona kizunguzungu chochote mbele ya maandishi hayo, kwa sababu mizani na vina vilimwonyesha njia, na mara nyingi utenzi wenyewe alikuwa ameusikia ukiimbwa kabla ya kuushika kwa macho. Aliyejua lugha aliisoma hati. Aliyepata taabu ni yule aliyetaka kujifunza lugha kwa kupitia hati, yaani mgeni wa Kizungu na mtoto wa Kiyao au wa Kinyasa aliyeletwa Unguja kwa nguvu. Steere aliwatazama hawa wawili. Tena wanazuoni wa Mombasa walionyesha baadaye kwamba hati ya Kiarabu ingeweza kurekebishwa kwa kuiongezea alama na nukta, na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alichapisha kwa hati hiyo gazeti lake la Sahifa mwaka wa 1930, takriban nusu karne baada ya Steere kufariki. Kwa hiyo si haki kusema kwamba hati ya Kiarabu ilishindwa. Iliachwa, na mtu aliyeiacha alikuwa na mtambo wa chapa.

Mtambo huo ulikuwa mdogo, wa kusukumwa kwa mkono, na Steere aliutumia yeye mwenyewe pamoja na vijana wa misheni. Kwa msomaji wa leo ambaye fonti kwake ni faili isiyoshikika, yafaa kueleza kazi ile ilivyokuwa. Fonti ya wakati huo ilikuwa kitu cha uzito. Kila herufi ilikuwa kijiti cha risasi iliyochanganywa na antimoni na bati, kimechongoka juu kwa umbo la herufi lililogeuzwa kama linavyoonekana kiooni. Vijiti viliwekwa katika kasha la mbao lenye vyumba vingi, kila herufi na chumba chake. Mpanga chapa alisimama mbele ya kasha, akaokota herufi moja moja, akaipanga mstari kwa mstari kinyumenyume, akakaza ukurasa ndani ya fremu, akaupaka wino na kuukandamizia karatasi. Nakala zikitosha, ukurasa ulifumuliwa na kila herufi ikarudishwa chumbani mwake, kwa kuwa bila hivyo ukurasa unaofuata usingewezekana.

Sasa, kasha hilo lilitengenezwa Uingereza kwa kipimo cha Kiingereza, lugha ambayo herufi yake inayotumika zaidi ni e, huku k ikiwa ya nadra. Kiswahili kina mahitaji tofauti kabisa. Hukila a kama moto ulavyo nyasi, na k na w ziko kila pembe, katika viambishi vya ngeli, vya wakati na vya umilikishi. Yeyote aliyepata kupanga Kiswahili kwa kasha la Kiingereza alijua kwamba a zingemwishia huku rundo la e likimtazama. Upungufu wa namna hiyo ulivumilika, maana ulihitaji tu kurasa fupi zaidi, au kuagiza a zaidi. Ambalo halikuvumilika kwa urahisi ni herufi isiyokuwamo kabisa kashani. Wakati huo mtaalamu wa Kijerumani Karl Richard Lepsius alikuwa amependekeza, mwaka wa 1855, alfabeti ya kisayansi ya kuandikia lugha zote zisizokuwa na maandishi, na wamisionari wengi waliipokea. Alfabeti hiyo iliipa kila sauti alama yake kwa kutia nukta, vistari na vikofia juu na chini ya herufi. Kwa mwanaisimu ilikuwa na uzuri wake. Kwa mpiga chapa ilimaanisha vijiti vipya vya kuchongwa Ulaya na kusafirishwa kwa meli, na kimoja kikipotea kazi inasimama.

Steere alishika njia nyepesi. Konsonanti zisomwe kama za Kiingereza na irabu kama za Kiitaliano, ndiyo kanuni aliyoitumia, na pasipo herufi moja ya kutosha zitumiwe mbili: ch, sh, th, dh, gh, ny. Sauti ya kwanza ya neno ng'ombe ilitofautishwa na ile ya neno ngoma kwa kibainishi, yaani alama ambayo tayari imo katika kila kasha la Kiingereza. Hakuna nukta ya juu wala kistari cha chini. Kwa maneno mengine, alikiandika Kiswahili chote kwa kile kilichokuwamo kashani. Hapana shaka kwamba alitaka pia kuwarahisishia Waingereza wenzake, na wapo wanaolihesabu hilo kuwa kasoro. Lakini mtu aliyepata kuipanga lugha kwa vidole vyake huipima herufi kwa namna ambayo msomi wa maktaba haijui.

Vijitabu vya kwanza vilitoka Unguja katika miaka ya 1860, vikiwemo vya hadithi na vya kusomea. Mwaka wa 1867 mtambo huo ulitoa pia mkusanyo wa lugha ya Kisambaa, kwa maana Steere hakujifungia katika lugha moja. Aliandika pia juu ya Kiyao, Kinyamwezi na Kimakonde. Mwaka wa 1868 alirudi Uingereza, na mwaka wa 1870 vitabu vyake viwili vilivyomjengea jina vilichapishwa London. Cha kwanza ni kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili kinachosemwa Unguja. Cha pili ni mkusanyo wa hadithi za Waswahili, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoukabili, ambamo zimo hadithi za Sultani Darai, Punda wa Dobi na Goso Mwalimu, pamoja na habari za Liongo. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanakirudia kitabu hiki mara kwa mara, na wanastahili kukumbuka kwamba Steere aliwataja waliomsimulia. Katika karne ile si kila mkusanyaji aliyejisumbua kufanya hivyo.

Alirejea Unguja mwaka wa 1872, mwaka wa kimbunga kikali kilichoivunja misheni na kuing'oa mikarafuu ya kisiwa. Mwaka uliofuata mambo yakabadilika upesi. Tozer alijiuzulu kwa sababu ya afya. Mwezi wa Juni Sultani Barghash bin Said, chini ya shinikizo la Waingereza, alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa, na kiwanja chake kikapatikana kwa misheni. Siku ya Krismasi mwaka huo huo wa 1873 liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka wa 1874, na kutoka hapo alikuwa mwashi pamoja na mambo mengine yote, akisimamia mafundi na vibarua waliolijenga kanisa hilo kwa mawe ya matumbawe, hata likafunguliwa siku ya Krismasi ya 1879. Husimuliwa kwamba madhabahu yake imesimama mahali palipokuwa mti wa kuwachapia watumwa.

Safari za bara hazikumpita. Mwaka wa 1875 alitembea kwa miguu kutoka Lindi hadi Mwembe kwa Mataka, mtawala wa Wayao. Lindi hii ni mji wa pwani ya kusini ya Tanzania ya leo, si kijiji cha Lindi cha Kibera. Mwaka wa 1876 aliliongoza kundi la watumwa walioachwa huru waliokuwa wakirudi upande wa makwao karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliona nchi njema wakaomba wakae hapo hapo, na Steere akakubali. Hivyo ndivyo ilivyoanza misheni ya Masasi. Lakini hata katika miaka hii ya ujenzi na safari, mtambo wa chapa haukupumzika, na mwaka wa 1878 alitoa kitabu cha mazoezi kwa wanaojifunza Kiswahili.

Tafsiri ya Biblia ndiyo kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko zote. Injili ya Mathayo ilitangulia kutoka London mwaka wa 1869, vitabu vingine vikafuata kimoja baada ya kimoja, na Agano Jipya zima likatolewa na chama cha Biblia cha Uingereza mwaka wa 1883. Biblia nzima ya Kiunguja ilikamilika mwaka wa 1891 kwa mikono ya wenzake. Steere hakuyaona haya mawili ya mwisho. Alifariki ghafla Unguja mwezi wa Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Mkewe, waliyeoana naye mwaka wa 1858, alikuwa ameishi Uingereza katika miaka yote ya kazi yake ya Afrika. Waandishi wengi wa maisha ya Steere hulipita jambo hilo kwa sentensi moja.

Kazi ya askofu ilikuwa na urithi wa aina mbili, na ni vigumu kuusifu mmoja bila kuutaja wa pili. Mwenzake Arthur Cornwallis Madan alikitoa upya kitabu cha sarufi mwaka wa 1884, kisha akaandika kamusi zilizofuata tahajia ile ile. Kufikia wakati wa mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928, ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, maktaba yote ya Kiunguja ilikuwa imekwisha kuandikwa kwa namna ya Steere. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka wa 1930 iliikuta njia imekwisha kulimwa.

Mombasa ilipoteza kitu katika hayo. Mmisionari William Taylor, aliyekaa huko tangu 1880 na kusoma kwa Mwalimu Sikujua, alijitahidi kuandika lahaja ya Kimvita kwa alama zinazotenganisha sauti ambazo tahajia sanifu haikuziachia nafasi. Mmvita hutamka paa la nyumba kwa namna moja, na paa anayekimbia mwituni kwa namna nyingine yenye pumzi. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa pwani. Katika maandishi sanifu maneno hayo yamekuwa mamoja, na mwanafunzi wa Nairobi anayekariri mashairi ya Muyaka hukosa nusu ya mchezo wake wa sauti bila kujua kwamba umemkosa.

Hasara kubwa zaidi iliwapata wale waliokuwa wanasoma na kuandika tayari. Serikali za kikoloni zilipoifanya hati ya Kirumi kuwa ya shule na ya ofisi, mzee aliyeandikia barua na kutunga tenzi kwa herufi za Kiarabu maisha yake yote alihesabiwa kuwa hajui kusoma. Msomaji wa Nairobi hana haja ya kwenda Lamu kuliwaza jambo hili. Kibera yenyewe ilianzishwa na Wanubi, askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles na jamaa zao, ambao ni Waislamu, na huko Makina watoto wao wamejifunza herufi za Kiarabu chuoni kizazi baada ya kizazi. Hati ambayo Steere aliiweka kando imo mtaani hadi leo, ila haitumiki kuandikia Kiswahili.

Mwenye tarakilishi wa Silanga hukutana na pande zote mbili za urithi huu bila kutajiwa jina la askofu. Akiombwa kuandika qaswida ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu kama babu zake mteja walivyoiandika, fonti ya Kiarabu aliyoipakua yaweza kukosa p, ch na g, na humlazimu kutafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiajemi au Kiurdu, lugha zilizokwisha kuziunda herufi hizo. Akiletewa ratiba ya mazishi ya Kigĩkũyũ, lugha iliyoandikwa kwa i na u zenye alama ya wimbi juu, fonti ile nzuri ya harusi humwachia viboksi vitupu katikati ya jina la marehemu, kwa kuwa mchoraji wake hakuziweka herufi hizo. Hapo hana budi kurudia fonti ya kawaida iliyokuja na mashine, au kuiondoa alama na kulikosea jina. Ratiba ya Kiswahili inayofuata hutoka bila kasoro kwa fonti yoyote apendayo.